Nusu saa ya giza Chumbe

Taa ya mwisho ilipozimwa, kama saa mbili usiku, binti yangu wa miaka minane alinishika mkono. "Baba, sioni kitu." Nikamwambia angoje kidogo. Alikuwa anasema kweli, kwani macho yake yalikuwa bado ya mchana.

Tulikuwa Chumbe, kisiwa kidogo cha matumbawe kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kinahifadhiwa tangu 1994, na jengo lake linaloonekana kwa mbali ni mnara wa kuongozea meli uliojengwa 1904. Nyumba za wageni ni saba tu, umeme ni wa jua, na njia za msituni hazina taa hata moja. Giza la namna hiyo watoto wengi wa mjini hawajapata kuliona.

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Aina moja hufanya kazi mchana na kutambua rangi. Nyingine ni ya usiku: haijui rangi, lakini hunasa mwanga hafifu mno. Seli hizi za usiku hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwanga mkali huivunja. Ukiingia gizani mwili huanza kuiunda upya, na kazi hiyo huchukua dakika 20 hadi 30, pengine zaidi. Mboni hupanuka mara moja, lakini rodopsini haina haraka. Ukiwasha simu hata kwa sekunde chache, sehemu kubwa ya subira yako imepotea. Ndiyo maana tochi yetu tuliifunika plastiki nyekundu: seli za usiku karibu hazihisi mwanga mwekundu.

Rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A. Mtoto anayejikwaa kila jioni inapoingia, huku wenzake wanaona njia, apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa kutoona usiku ni dalili ya mapema ya upungufu wa vitamini hiyo. Tunaipata kwenye maini, mayai, mchicha, kisamvu, papai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake kila baada ya miezi 6. Tafadhali usimnunulie mtoto vidonge kwa kubahatisha, maana vitamini A ikizidi hudhuru.

Nusu saa ilipopita, yule aliyekuwa haoni kitu ndiye aliyetuonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma na mbingu nyeupe. Nilimfundisha asikikodolee macho, bali atazame pembeni yake kidogo. Katikati kabisa ya jicho hamna seli za usiku, kwa hiyo nyota hafifu hutoweka ukizikazia macho na kurudi ukizipa upande. Alijaribu, akahesabu sita, kisha saba.

Upande wa kusini ilikuwapo Suhaili, nyota ya pili kwa kung'aa usiku baada ya Shira, nayo manahodha wa majahazi waliitumia kushika njia baharini. Mwanga wake husafiri takriban miaka 310 kutufikia. Ule tuliouona uliondoka huko muda si mrefu baada ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Binti yangu alinyamaza kwa muda mrefu niliposema hivyo.

Kisha majani yakachakarika. Alikuwa kaa wa nazi, mkubwa kuliko sahani ya pilau, akitembea taratibu kwenye duara la mwanga mwekundu. Hakuna kaa mwingine wa nchi kavu anayemfikia: huweza kupata kilo 4, na miguu ikinyooshwa hufika karibu mita moja. Mchana hujificha kwenye mapango ya matumbawe asikaukiwe na mwili, usiku hutoka kutafuta chakula kwa kunusa. Huanza maisha yake baharini akiwa kiluwiluwi, lakini akishakua, ukimtumbukiza majini atazama na kufa. Huishi miaka 40 na zaidi, na hukua polepole. Visiwa vingi vilivyomwinda kwa ajili ya nyama vimempoteza. Gando lake huvunja nazi, basi vidole vya watoto vikae mbali.

Giza humfaa mwanadamu pia. Likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala. Mwanga wa simu na taa nyeupe huizuia, na watoto huathirika zaidi kuliko sisi. Usiku ule binti yangu alilala mapema bila kubembelezwa, ndani ya chandarua, maana mbu wa malaria huuma usiku. Huko nje tulivaa mikono mirefu na kujipaka dawa ya kufukuza mbu.

Ukipanga safari yako, iwe Chumbe, Mafia au Pemba, usianze na bei ya mashua. Anza na kalenda: chagua tarehe 27 hadi 29 za mwezi mwandamo, wakati mwezi hauchomozi mpaka karibu na alfajiri. Zima simu zote, za wakubwa kwanza. Halafu mpe mtoto nusu saa kamili kabla hujakubali kwamba haoni kitu.