Hamira kama Mlinzi wa Afya
Hamira tuijuayo ni ile iumuayo unga wa mandazi. Mnamo mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliipa jukumu jingine: kutambua maradhi. Seli ya hamira ina kipokezi kinasacho ishara ya seli mwenzake wakati wa kujamiiana. Watafiti hao walikibadilisha kwa kingine kinasacho ishara ya kuvu ya Candida albicans, ambayo ikipenya katika damu huweza kuua. Ishara inaponaswa, hamira huunda likopeni, rangi iipayo nyanya wekundu wake, nayo huonekana bila darubini. Kwa hivyo, zahanati isiyo na maabara huenda ikanufaika, almradi maelezo yaandikwe kwa lugha ieleweke. Hapo ndipo wanakiswahili tunapohitajika.