UZI: "Wanadunga watoto wetu alumini!" Haya, tuongee kuhusu ajuvanti

1/ Kampeni ya chanjo ikitangazwa tu, lazima mtu apande jukwaani au aingie redioni aulize: "Mnajua kuna alumini ndani?" Klipu inasambaa. Upande ule mwingine unajibu "sayansi imethibitisha" na kunyamaza. Mwananchi anabaki palepale. Leo nachambua hilo jambo. Sitaji chama wala mwanasiasa. Nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, lakini mwishoni utaona siasa inaingilia wapi.

2/ Kwanza, ni kweli. Alumini imo. Si kipande cha sufuria, ni chumvi za alumini, na Ulaya kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 1.25 kwa dozi. Imo kwenye ile penta ya watoto wachanga na kwenye chanjo ya HPV. Haimo kwenye BCG, polio ya matone wala ukambi. Kwa nini hizi ndiyo na zile hapana?

3/ BCG, polio ya matone na ukambi zina kijidudu hai kilichodhoofishwa. Mwili unakitambua haraka kwamba ni hatari. Chanjo ya HPV haina kijidudu, ina protini tu iliyosafishwa. Ile sehemu ya pepopunda kwenye penta ni sumu iliyoondolewa makali. Sasa shida ni kwamba kitu kisafi hivyo, mwili mara nyingi unakipuuza.

4/ Kumbe mfumo wa kinga hauulizi tu "wewe ni mgeni?" Unauliza pia "umeleta fujo?" Ugali ni mgeni mwilini lakini hakuna vita ukila. Ni kama soja wa geti: mgeni akipita kimya, hata sura yake haikumbuki. Kengele ikilia, anamwangalia vizuri na hamsahau. Ajuvanti ndiyo hiyo kengele. Haimfundishi soja sura ya adui, hiyo ni kazi ya protini. Inamwamsha tu aangalie.

5/ Hili liligunduliwa kwa farasi. Miaka ya 1920, Mfaransa Gaston Ramon alikuwa anatumia farasi kutengeneza dawa ya dondakoo. Akaona farasi waliopata jipu pale walipodungwa ndio waliotoa kingamwili nyingi. Akajaribu kusababisha uvimbe makusudi: akachanganya sindano na makombo ya mkate, hata tapioka, yaani wanga wa muhogo. Ikafanya kazi! Mwaka 1926, Alexander Glenny na wenzake Uingereza wakaonyesha kuwa chumvi ya alumini inafanya vivyo hivyo. Kwa hivyo hiki si kitu cha juzi, ni karibu miaka 100.

6/ Ndani ya msuli inakuwaje? Chumvi ya alumini inasumbua seli za hapo kidogo. Seli zinatoa ishara za hatari. Chembe za ulinzi zinakimbilia pale, zinabeba protini ya chanjo hadi kwenye tezi za limfu, kama zile za kwapani, na huko ndiko kingamwili zinaanza kutengenezwa. Ule uchungu wa mkono na joto kidogo baada ya sindano mara nyingi ni dalili ya kengele kulia.

7/ Je, kengele yoyote inatosha? Hapana. Utafiti wa malaria uliochapishwa 1997 ulichukua protini ileile, RTS,S, ukaiweka kwenye michanganyiko mitatu ya ajuvanti. Watu wa kujitolea wakaumwa na mbu wenye malaria. Mchanganyiko wenye alumini: 7 kati ya 8 waliugua. Wa pili, wa mafuta na maji: 5 kati ya 7. Wa tatu: 1 kati ya 7. Kundi ni dogo, lakini soma tena: protini haikubadilika. Kilichobadilika ni ajuvanti.

8/ Huo wa tatu ulikuwa na vitu viwili muhimu: MPL, inayotokana na bakteria iliyoondolewa makali, na QS-21, inayotoka kwenye gamba la mti wa Chile, Quillaja saponaria. Baadaye mafuta yaliondolewa, vitu hivyo viwili vikabaki, na ajuvanti ikaitwa AS01. Ndiyo iliyo kwenye chanjo ya malaria iliyojaribiwa pia Kilifi, Kombewa na Siaya, na kuanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019.

9/ Na usalama? Kuna jibu bovu linalopendwa: "mbona tunakula alumini nyingi zaidi kwa chakula." Tuliache hilo. Ya chakula haifyonzwi hata asilimia 1, ya sindano inaingia mwilini yote polepole. Jibu zuri ni ufuatiliaji. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya milioni 1.2, wakaangalia magonjwa 50 ya kudumu, na matokeo ya 2025 hayakuonyesha hatari kuongezeka kwa sababu ya alumini.

10/ Ufuatiliaji huohuo ndio uliofichua tatizo la kweli: Pandemrix, chanjo ya mafua ya 2009 yenye ajuvanti nyingine, AS03, ilihusishwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla Finland na Sweden. Chanjo ya Canada yenye ajuvanti hiyohiyo haikuonyesha hatari ya kiwango hicho, kwa hivyo bado kuna mjadala kama chanzo ni ajuvanti yenyewe. Lakini waliona kwa sababu walikuwa wanahesabu.

11/ Sasa siasa. Tumeahidiwa chanjo za kutengenezwa hapa kwetu, na Taasisi ya Kenya BioVax iliundwa 2021 kwa kazi hiyo. Wazo ni zuri. Ila angalia RTS,S: utengenezaji wa protini yake ulikubaliwa uhamie India, kwa Bharat Biotech. AS01 ikabaki mikononi mwa GSK. Yaani unaweza kupewa sura ya adui na bado usiwe na kengele.

12/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "alumini", usizomee na usipige makofi. Muulize: ni chanjo gani, ajuvanti gani, kiasi gani? Nani anahesabu madhara kaunti yetu, na takwimu ziko wapi? Na yule anayeahidi kiwanda, muulize: ajuvanti itatoka wapi, kwa mkataba wa nani, kwa bei gani?

Mwenye swali aliweke hapo chini. Wale madaktari mnaosoma, ongezeni nilipopita haraka. Uzi ujao: nani hulipia chanjo zetu.