Nyumba ya Mtahiniwa: Wajibu Wetu kwa Vijana wa Kidato cha Nne

Muhula wa tatu unapoanza, macho ya wazazi wengi huelekea shuleni. Twauliza kama walimu wamemaliza silabasi, twalipa karo iliyosalia, na twawaombea watoto wetu dua. Yote hayo ni mema. Lakini vijana wengi wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu husoma katika shule za kutwa. Kila jioni hurudi nyumbani, na saa zinazofuata hazimo tena mikononi mwa mwalimu. Zimo mikononi mwetu. Katika makala haya twataka kuzungumza na wazazi wenzetu, hasa kina mama ambao ndio wenye kuiendesha nyumba, juu ya saa hizo, na juu ya uamuzi mzito unaokuja baada ya matokeo.

Saa za jioni

Tuanze na binti. Arudipo shuleni hukuta maji hayajatekwa, wadogo zake wanalia njaa, na chakula cha usiku hakijainjikwa. Baada ya Isha kuna vyombo. Na ikiwa mama ni muuzaji wa mahamri, kuna unga wa kukandwa kabla ya kulala. Ndugu yake, ambaye naye ni mtahiniwa, atakuwa barazani na wenzake mpaka saa nne. Kisha siku ya mtihani wote wawili hupewa karatasi moja, na msahihishaji haulizi ni nani aliyeosha sufuria.

Hatusemi kwamba binti asijue kazi za nyumbani. Twasema kwamba kwa miezi hii michache kazi zigawanywe upya. Mvulana anaweza kuteka maji na kuosha vyombo bila ya kupungukiwa na heshima, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani, na hakuna aliyemzidi kwa heshima. Wala hatumwambii mama aache biashara, kwani huenda hayo mahamri ndiyo yanayolipa karo. Lakini unga waweza kukandwa mapema, na shangazi au jirani akaombwa msaada hadi Novemba ipite.

Lengo liwe saa mbili za usiku ambazo mtahiniwa hatumwi dukani, haitwi jikoni, na televisheni imezimwa. Nyumba ikiwa ni chumba kimoja chenye watu wengi, majirani wawili watatu waweza kuelewana: mabinti wakutane kwa zamu katika nyumba yenye taa nzuri na nafasi, chini ya macho ya mama mmoja. Simu nayo iwe na saa zake. Ina faida, kwa kuwa maswali mengi ya mitihani iliyopita hupatikana humo, lakini ikilala chini ya mto wa kijana, usingizi wake haupo. Na usingizi si uvivu: aliyelala mapema akaamka kabla ya Alfajiri husoma kwa akili iliyotulia kuliko aliyekesha akisinzia juu ya kitabu.

Kudurusu kwa mpango

Mzazi asiyejua Hisabati asidhani kwamba hana la kumsaidia mwanawe. Ajue tu mtihani umepangwaje. Hisabati ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Katika sehemu ya pili mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane, na kila moja lina alama 10. Mama anaweza kushika saa, akampa mwanawe karatasi ya mwaka uliopita, na muda ukiisha akasema basi. Kisha amuulize swali moja: lipi limekushinda leo? Jibu liandikwe katika daftari la makosa, na kesho yake kijana alipeleke kwa mwalimu. Daftari hilo litamfaa zaidi kuliko kusoma kitabu kizima upya.

Kiswahili nacho huponza watoto wetu kwa sababu ni lugha yao. Insha ina alama 40 tu. Karatasi ya pili, yenye ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, ina alama 80, na ya fasihi ina 80. Mtoto aliyezaliwa Lamu au Mvita anaweza kusema kwa ufasaha na bado akapoteza alama kwa kutojua ngeli au kwa kutosoma vitabu vilivyoteuliwa.

Hali ni hiyo hiyo katika Elimu ya Dini ya Kiislamu. Wengi huliacha somo hili mwisho kwa kuamini kwamba madrasa imeshawatosheleza. Lakini madrasani walisoma kwa Kiarabu na Kiswahili, na mtihani huandikwa kwa Kiingereza, kwa hoja zilizopangwa na kufafanuliwa. Elimu wanayo, lililobaki ni kufanya mazoezi ya kuieleza.

Tena ifahamike kwamba tangu mtihani wa 2023 namna ya kupata gredi ya wastani imebadilika. Hisabati ni lazima, kisha huhesabiwa lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyopata alama bora. Kwa hiyo kijana aliyelemewa na somo moja la sayansi asivunjike moyo. Aliimarishe lile analoliweza. Ila Hisabati haikwepeki.

Mtihani wa kununua

Kila mwaka watokea watu wanaodai kuuza karatasi za mtihani kupitia simu. Wengi wao ni matapeli, na fedha ya mzazi hupotea bure. Hata kama karatasi ingekuwa ya kweli, kuinunua ni wizi, na Baraza la Mitihani la Kenya hufuta matokeo ya waliopatikana na udanganyifu. Mzazi anayetoa fedha kwa ajili hiyo amemfundisha mwanawe kwamba riziki hupatikana kwa hila. Amwambie mapema, kwa uwazi: gredi utakayoipata kwa jasho lako, hata ikiwa ndogo, tutaipokea.

Neno hilo la mwisho lina uzito. Kijana anayelinganishwa kila siku na binamu yake wa chuo kikuu huficha anapokwama. Tukiona hali, halali, au analia bila ya sababu, tusimwambie ni deko. Tukae naye, tuzungumze na mwalimu wa ushauri, na hali ikizidi tumpeleke hospitali kama tungempeleka kwa homa.

Baada ya matokeo

Kiwango cha chini cha kusomea shahada ni C+. Mwenye C- aweza kusomea stashahada, mwenye D aweza kusomea cheti, na kozi za ufundi stadi zimefunguliwa hata kwa aliye chini ya hapo. Shirika la KUCCPS ndilo linalowagawia wanafunzi nafasi, na maombi hufanywa kwa intaneti ndani ya muda maalumu. Si gredi ya wastani peke yake inayotazamwa: kila kozi ina masomo yake manne yanayopigiwa hesabu. Aliyepata B bila ya Fizikia nzuri ataikosa uhandisi, na anayetaka uuguzi atatazamwa Biolojia yake. Ndiyo maana mazungumzo ya kozi yaanze sasa, si wiki ya matokeo, pale ambapo mjomba mmoja ataka daktari na mwingine ataka wakili.

Hatuhitaji kutazama mbali. Pwani tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hiki cha pili kilianza katikati ya karne iliyopita kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kikawa Politekniki mwaka 1972, na kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Wazee wetu waliotaka vijana wa Kiislamu wasomee ufundi hawakuuona ufundi kuwa aibu. Leo kuna pia Politekniki ya Taifa ya Pwani ya Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Bahari cha Bandari, na kampasi za chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC. Stashahada inayompa kijana kazi mkononi yafaa zaidi kuliko shahada aliyoichukua kwa ajili ya majirani.

Kuhusu gharama, tangu 2023 serikali imeweka mfumo unaotenganisha ufadhili, ambao haulipwi, na mkopo, ambao hulipwa. Mfumo huo umepingwa mahakamani, basi kila familia iulize masharti ya mwaka wake. Mkopo wa HELB huwa na riba, na zipo familia zinazouepuka kwa sababu hiyo. Twashauri shekhe mnayemwamini aulizwe mapema, ili uamuzi usifanywe kwa pupa siku ya mwisho. Na tusisahau basari za kaunti na za NG-CDF, wala zaka ya ukoo: aila yenye watu wenye uwezo isimwache binti yake akae nyumbani kwa kukosa ada.

Juu ya binti tena, kuna mambo mawili yanayomkatisha masomo kimyakimya. La kwanza ni umbali. Hofu ya mzazi ni ya haki, lakini dawa yake ni kutafuta hosteli ya wasichana au jamaa wa kuaminika, si kukataa kabla ya kuuliza. La pili ni posa. Ikija katika miezi hii, isubiri mtihani uishe. Na ikikubaliwa, suala la masomo lizungumzwe wazi baina ya walii na upande wa bwana harusi kabla ya nikaha, si baada yake.

Ni muhimu tuyashike haya sasa. Darasa lililofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndilo linalotarajiwa kufanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Wadogo zao wako katika mtaala mwingine. Aliyezoea kusema kwamba akianguka atarudia kidato cha nne, nyuma yake hakutakuwa na darasa la kurudia nalo.

Basi wiki hii, baada ya Isha, tumwite mtahiniwa wetu, mama na baba wakiwapo. Tumuulize kazi gani za nyumba zimwondokee, na daftari lake la makosa linasemaje. Tumwombe aandike kozi tatu anazozitaka, na mbele ya kila moja masomo manne yanayohitajika. Kisha tufanye istishara na wanaojua, naye aswali rakaa mbili za istikhara. Inshallah, siku ya matokeo itatukuta tumejiandaa pamoja naye.