Chuo Ndani ya Mahabusu

Katika sheria za Marekani palikuwa na idhini moja iliyodumu miaka mingi pasipo kuwafaa wengi wa vijana wa mahabusu iliyowahusu, kwa sababu baadhi ya watu waliokabidhiwa amana ya kuwalea vijana hao walidhani kuwa imekwisha futwa. Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo lilianzisha ruzuku ya masomo kwa wanafunzi wasio na mali, nayo baadaye ikapewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Si karadha, kwa hiyo mwenye kuipokea hadaiwi, na kwa muda wa miaka 20 na zaidi iliwafikia hata wafungwa. Mwaka 1994, hofu ya uhalifu ilipokuwa imetanda katika siasa, sheria mpya iliwanyima ruzuku hiyo wafungwa wa magereza ya serikali kuu na ya majimbo. Vijana wa mahabusu za watoto hawakuwamo katika katazo hilo, kwani mahali walipowekwa si gereza mbele ya sheria, na mahakama ya watoto, tangu ile ya kwanza ilipofunguliwa Chicago mwaka 1899, ilikusudiwa kurekebisha kuliko kuadhibu. Walakini katazo la wakubwa liliwafunika na wadogo, hata Desemba 2014 Wizara ya Elimu na Wizara ya Sheria zikalazimika kutoa waraka wa kubainisha kwamba haki yao haikuwa imeondoka. Kijana aliyewekwa mahabusu mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 17 alikuwa mtu mzima wa miaka 36 waraka ule ulipotoka!

California inatufaa kwa mfano, maana huko mahabusu za vijana zimo mikononi mwa kaunti. Zamani kijana mwenye bidii, aliyemaliza sekondari humo humo kabla ya wenzake, alijikuta hana darasa tena, akakaa bure mchana kutwa huku wavivu wakiendelea kufundishwa. Na sioni dhuluma iliyo wazi kuliko hiyo. Sheria ya mwaka 2019 iliziamuru kaunti zimpe kijana wa namna hiyo, akitaka, nafasi ya kusoma masomo ya vyuo vya umma kwa njia ya intaneti. Haja ikazidi Juni 2023, idara ya jimbo iliyokuwa ikiwaweka vijana wenye makosa mazito ilipofungwa, kwani tangu hapo nao hukaa katika kaunti, na baadhi yao hukaa miaka.

Lakini taabu kubwa, kwa rai yangu, iko siku ya kutoka. Muhula wa chuo huchukua kama miezi minne, na hakimu hatoi amri zake kwa kufuata kalenda ya chuo. Kijana huachiliwa katika wiki ya sita, furaha ikajaa nyumbani, na huko nyumbani hakuna kompyuta, wala nauli, wala mtu ajuaye kwamba somo alilojiandikisha lingali likihesabiwa. Asipojitoa kwa taratibu za chuo, huandikiwa kuwa ameshindwa. Na kwa kuwa ruzuku ya serikali humtaka mwanafunzi aonyeshe maendeleo ya kuridhisha, kule kushindwa kwaweza kumfungia mlango miaka kadhaa baadaye, atakapokuwa na nia na nafasi. Basi rehema ya mahakama ikawa chanzo cha hasara, pasipo mtu yeyote kukusudia.

Kwa sababu hiyo napendelea utaratibu wa chuo cha College of San Mateo, huko huko California, ambacho kwa mpango wake uitwao Project Change hupeleka walimu ndani ya mahabusu, na pia huwapokea vijana hao chuoni wakiisha kutoka, ili anayefika asiwe mgeni kwa kila mtu. Kazi inayobaki kwa msaidizi wa mwanafunzi kama huyo haina fahari yoyote: kumjazia fomu ya ruzuku pamoja na mzazi ambaye huenda hapatikani, kumtafutia nauli na vitabu, kumsindikiza siku ya usajili, na, ikiwa somo haliwezi kuendelea, kumwona msajili kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa kupita.