Dalili za Mateso kwa Mtu Mzima Asiyejiweza: Taarifa Ipelekwe kwa Nani?

Msimu wa korosho unapofika, wenye nguvu katika vijiji vya Masasi na Newala hushinda mashambani. Nyumbani hubaki mzee aliyepooza, mgonjwa wa akili au mtu asiyeona, akiangaliwa na mjukuu au jirani, na pengine asiwepo wa kumwangalia kabisa. Wengi hutunzwa kwa upendo. Wachache hufikishwa zahanati wakiwa na alama zisizoelezeka kwa ugonjwa wala kwa ajali, na hapo mhudumu hujiuliza kama kusema ni kazi yake.

Kwa mtoto jibu li wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake, na simu namba 116 hupokea taarifa hizo. Kwa mtu mzima njia haijulikani sana. Ipo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, lakini nyaraka hizi hazibandikwi ukutani mwa zahanati. Basi kidonda huoshwa, dawa huandikwa, na mgonjwa hurudishwa mikononi mwa aliyemjeruhi.

Dalili zinazostahili kutiliwa shaka ni michubuko ya ndani ya mapaja au ya mikono kwa juu, alama za kamba kwenye vifundo (hasa kwa wenye maradhi ya akili na kifafa), vidonda vya mgongoni na nyongani kwa mtu asiyegeuzwa kitandani, na kukonda kwa mmoja katika nyumba ambamo wengine wanakula vizuri. Mwangalizi anayejibu kila swali kabla mgonjwa hajafungua kinywa naye ni dalili. Yapo pia mateso yasiyoacha kovu: fedha za TASAF zinazochukuliwa na mwakilishi zisimfikie mlengwa, au mikorosho ya mzee inayovunwa na malipo yake kuingia katika akaunti ya mtu mwingine.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Ngozi ya mzee huvilia damu kwa kuguswa kidogo tu, na zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Huko Newala, juu ya uwanda ambako maji yamekuwa ya shida tangu zamani, mzee asiyeogeshwa kila siku huenda anaishi na watu wanaompenda wasio na ndoo ya pili. Umaskini si ukatili, na familia ya namna hiyo yahitaji msaada, si polisi. Ndiyo maana mhudumu hatakiwi kuthibitisha kosa wala kumtaja mkosaji. Kazi yake ni kueleza alichokiona na alichoambiwa. Uchunguzi una wenyewe.

Jambo gumu zaidi ni ridhaa. Mtu mzima si mtoto: ana haki ya kuulizwa, na aulizwe peke yake, mwangalizi akiombwa kwa adabu asubiri nje. "Bibi, ungependa nani katika ukoo alijue jambo hili?" ni swali lenye maana kubwa kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi hufuata ukoo wa mama, huenda neno la mjomba au la mpwa likawa na uzito kuliko la mwana. Akikataa taarifa isitolewe, na akili yake ni timamu, neno lake liheshimiwe, aambiwe kuwa mlango u wazi siku yoyote. Lakini maisha yakiwa hatarini, au akiwa hawezi kujiamulia, ukimya hauna utetezi.

Taarifa ianze kwenye faili: ukubwa wa jeraha, mahali lilipo, maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Kisha mganga mfawidhi aelezwe, naye awasiliane na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Palipo na kipigo au ubakaji, polisi wahusishwe kupitia Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo halimkatai mtu mzima, na fomu ya PF3 ijazwe. Matibabu ya dharura yasisubiri fomu hiyo. Mtendaji wa kijiji ni msaada mkubwa, isipokuwa akiwa ndugu wa mtuhumiwa. Mtesaji akiwa mhudumu wa afya, suala laweza kufikishwa kwa mganga mkuu wa wilaya au baraza la taaluma yake. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo kwa ajili ya anayefichua uhalifu kwa nia njema. Mgonjwa mwenyewe, au jirani yake, anaweza kufika kwa afisa ustawi bila barua ya mtu.

Baada ya hapo mgonjwa bado atalala katika nyumba ile ile. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampitie ndani ya wiki hiyo hiyo, kwa sababu ya kawaida kama kupima shinikizo la damu, na ahakikishe wamebaki wawili peke yao japo kwa dakika chache.