Diski Mpya kwa Kompyuta ya Zamani

Mkaazi wa komini ya Kikula, mjini Likasi, aliye na kompyuta ya zamani ambayo kioo na mashine vimo katika kasha moja, asifanye haraka kuitupa kwa sababu ya uzito wake wa kufanya kazi. Kwani aghalabu ila haimo katika prosesa ya mashine, bali katika diski inayozunguka, isomayo kadiri ya megabaiti 100 kwa sekunde, ilhali diski isiyozunguka huweza kufikia 550.

Lakini kabla ya kununua, sharti azingatie njia ya kuunganishia diski, umbo na joto. Mathalani, kompyuta ya iMac ya mwaka 2009 ina njia ya SATA ya kizazi cha pili, isiyopita megabaiti 300 kwa sekunde, basi kulipia diski ya mwendo zaidi kwa ajili yake ni israfu. Tena nafasi yake ni ya inchi 3.5, hivyo diski ya inchi 2.5 yahitaji kishikizo, na kipimajoto cha diski kisipounganishwa, feni huvuma daima.

Na kwa kuwa kukatika kwa umeme ghafula kwaweza kuharibu maandishi hata katika diski mpya, kuweka nakala mahali pengine ni wajibu usioahirishwa.