Fahamu: Mafunzo gani ya huduma ya kwanza yanafaa deltani Rufiji?

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Hata hivyo, kozi za ofisini hukazia moto, umeme na kuanguka. Si mbaya, ila mkazi wa delta anayekwenda zahanati kwa mtumbwi, tena akingoja maji yajae, anahitaji zaidi.

Uliza kwanza: wakufunzi wanafundisha kumhudumia aliyezama? Ikiwa hapumui, pumzi hutangulia: unampulizia, kisha unakandamiza kifua mara 30 na kumpulizia mara 2, unarudia. Hilo halifundishiki kwa slaidi; pasipo sanamu ya kufanyia mazoezi, usilipe. Uliza pia kuhusu nyoka. Mkufunzi anayeshauri kuchanja jeraha, kulinyonya au kufunga kamba ya kubana, mkimbie. Kiungo kilichoumwa hutulizwa kwa gango, mgonjwa akawahishwa hospitali.

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo haya, na kwa sehemu za kazi OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, pia. Manahodha wa Nyamisati, jichangeni mumwombe mkufunzi awafuate bandarini. Na cheti kisiwadanganye: mazoezi yarudiwe kila mwaka.